Alliance High School ya Kikuyu: je, jina lake ni agano, muungano au kitu kingine?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mwanglikana wa Muheza, mkoani Tanga. Dada yangu ameolewa Kenya, na mwanawe amechaguliwa kujiunga na Alliance High School iliyoko Kikuyu. Familia inaandaa ibada ya kumuaga, nami kama mjomba nimepangiwa kusema machache juu ya jina la shule. Shemeji yangu anasema Alliance ni "agano", yaani agano la Mungu na vijana wake. Mhubiri mmoja katika kikundi chetu cha maombi ameeleza kwamba ni "muungano", kwa sababu makanisa ya Kiprotestanti yaliungana yakawa kitu kimoja, ndipo shule ikazaliwa. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyelelewa na mapadri wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana iliyolea makanisa yetu, alicheka akasema kwamba askofu wetu wa zamani ndiye aliyeupinga muungano huo. Nani yuko sahihi, na kwa Kiswahili jina hilo niliiteje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa mpwa wako. Katika hao watatu, aliye karibu zaidi na ukweli ni mzee wenu, ingawa naye ameruka hatua moja ambayo nitaieleza mwishoni. Alliance iliyomo katika jina la shule hiyo si agano, wala si muungano. Ni jina la chombo kilichoundwa hapo hapo Kikuyu mwaka 1918 na misheni nne za Kiprotestanti, na shule iliyofunguliwa tarehe 1 Machi 1926 iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa shule ya chombo hicho. Ila ukiishia hapo utakuwa umesema kweli bila kusema jambo lenyewe, kwa kuwa neno hilo lilichaguliwa baada ya neno kubwa zaidi kushindikana. Walikusudia kuungana wakashindwa. Walichobaki nacho mkononi wakakiita Alliance, na hicho kidogo kikazaa shule.

Nianze na shemeji yako, maana kosa lake lina asili ya heshima. Katika Biblia za Kifaransa, neno "alliance" kweli ndilo linalotumika mahali ambapo sisi tunasoma "agano". Sanduku la Agano kwa Kifaransa ni "arche de l'alliance", na Agano Jipya ambalo Bwana alilitaja alipokishika kikombe huitwa "nouvelle alliance". Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosali kwa Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja hawaoni tofauti yoyote kati ya maneno hayo mawili, na mahubiri yanavuka mipaka kuliko bidhaa. Lakini walioipa jina shule ya Kikuyu walizungumza Kiingereza, na katika Kiingereza cha Biblia agano huitwa "covenant". Mtu wa Scotland hasa, ambaye katika historia ya kanisa lake wako watu waliouawa kwa ajili ya neno hilo "covenant" katika karne ya 17, asingelichanganya na "alliance" hata usingizini. Kama wangetaka kusema agano, neno lilikuwepo, tena walilipenda.

Wako pia wanaodhani kwamba shule ina nasaba na shirika la Marekani liitwalo Christian and Missionary Alliance. Hapana, kazi kubwa ya shirika hilo barani Afrika ilikuwa Kongo na upande wa magharibi, nalo halikuwamo kati ya misheni zilizotia saini Kikuyu. Na ile Alliance ya Mwanza, ambayo wapenzi wa mpira wanaifahamu, ni habari nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwanzoni mwa karne ya 20, reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefungua bara la Kenya kwa misheni nyingi zilizogawana maeneo. CMS (Church Missionary Society) ya Waanglikana ilikuwa imetangulia siku nyingi, tangu mmisionari wake Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kisha akaanza kituo cha Rabai mwaka 1846. Wamethodisti walikuwa Ribe, jirani ya Rabai, wakaja kupanda hadi Meru. Misheni ya Kanisa la Scotland ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, na baadaye ikafungua Tumutumu. Wamarekani wa Africa Inland Mission, maarufu kama AIM, walikuwa na makao Kijabe. Magharibi walikuwapo Marafiki, yaani Quakers, pamoja na wengine. Kila misheni ilikuwa na eneo lake, katekisimu yake na masharti yake ya ubatizo, na palipo na ukimya wa kijijini utaratibu huo uliwatosha.

Utaratibu ulivunjika mahali ambapo utaratibu wa namna hiyo huvunjika siku zote, yaani mjini. Chukua kijana aliyebatizwa na Wamethodisti pwani, akapanda gari moshi kwenda Nairobi kutafuta kazi. Jumapili anaamka, anauliza kanisa liko wapi, na kanisa analolikuta si la Wamethodisti. Je, huyu ni Mkristo kamili hapa, au ni mwanafunzi wa ubatizo aanze upya? Anaruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana? Akitaka kuoa binti wa Kianglikana, nani anawafungisha? Wamisionari waliandikiana barua nyingi juu ya kijana wa namna hii, na kwa maoni yangu yeye ndiye mwanzilishi wa kweli wa habari yote hii kuliko wazungu ambao picha zao zimetundikwa ukutani. Mgawanyiko wa makanisa ulikuwa umezaliwa Ulaya kwa sababu za Ulaya, na sasa ulikuwa unamdai nauli mtu ambaye hakuwahi kuusikia.

Mwezi Juni 1913 wajumbe wa misheni hizo wakakutana Kikuyu, katika kituo cha Wascotland. Waliosukuma shauri upande wa Waanglikana walikuwa maaskofu wawili: William Peel wa Mombasa na John Jamieson Willis wa Uganda, ambaye ndiye aliyeanzisha shule ya Maseno mwaka 1906. Rasimu waliyoijadili ilitumia neno "federation", ambalo leo tungelitafsiri "shirikisho". Misingi yake ilikuwa Maandiko Matakatifu kuwa kanuni kuu ya imani, Imani ya Mitume na Imani ya Nikea, na sakramenti za ubatizo na Meza ya Bwana, huku wakikusudia kufundisha waumini wao kwa namna moja na kupokea washiriki wa misheni nyingine wanaposafiri. Nia ya mbali haikufichwa: siku moja liwepo kanisa moja la wenyeji.

Mkutano ulipofikia tamati, likafanyika jambo ambalo kwenye karatasi lilikuwa dogo kuliko rasimu, ila lilitikisa zaidi. Katika kanisa la Wascotland, Askofu Peel aliongoza ibada ya Meza ya Bwana kwa kufuata Kitabu cha Sala cha Waanglikana, mhubiri akiwa mchungaji wa Scotland, Norman Maclean, na wajumbe ambao hawakuwa Waanglikana wakapokea mkate na divai kutoka mkononi mwa askofu. Kwa wengi waliokuwapo ilikuwa jioni ya machozi ya furaha.

Habari ilipofika Zanzibar, hayakuwa machozi ya furaha. Askofu wa Zanzibar alikuwa Frank Weston, aliyewekwa wakfu mwaka 1908 baada ya kuwa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Hapa wewe kama mtoto wa Muheza unajua jambo ambalo Wakenya wengi inabidi waelezwe, kwamba Waanglikana wa UMCA na Waanglikana wa CMS walikuwa kanisa moja kwa cheti na makanisa mawili kwa lugha. Kwenu anasemwa padri, kwao mchungaji. Kwenu Misa, kwao Meza ya Bwana. Kwenu mtu hasogei altareni kabla ya kipaimara, na kipaimara hutolewa na askofu aliyewekewa mikono na maaskofu waliowekewa mikono, mnyororo ukirudi nyuma hadi kwa Mitume. Kwa Weston mnyororo huo haukuwa mapambo. Mtu asiye na upadri wa namna hiyo hawezi kuadhimisha Ekaristi, na kumkaribisha kana kwamba tofauti haipo ni kuwaambia Waafrika kwamba jambo lile walilofundishwa kwa miaka mingi halikuwa na uzito. Ndiyo maana aliandika barua ya wazi kwa Askofu wa St Albans huko Uingereza akiuliza Kanisa la Anglikana linasimamia nini hasa, na akamwomba Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awafikishe Peel na Willis mbele ya baraza kwa shtaka la uzushi na mfarakano.

Magazeti ya London yakajaa jina la Kikuyu, ambalo wasomaji wake wengi wasingeweza kulionyesha kwenye ramani. Davidson, mzee wa busara na wa mwendo wa pole, hakutaka kesi. Alilipeleka suala kwa maaskofu washauri waliokutana Julai 1914, siku chache kabla ya vita kuu kulipuka, na jibu lake likatoka Pasaka ya 1915. Lilisema kwamba wageni wa makanisa mengine wanaweza kukaribishwa pale mazingira yanapodai, lakini Waanglikana wasipokee ushirika kwa watumishi wasiowekewa mikono na askofu, na ibada kama ile ya Kikuyu ni heri isirudiwe. Wachekeshaji wa siku zile wakaifupisha hukumu hiyo kwa kusema kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na isifanyike tena kwa hali yoyote. Mzaha huo umedumu kuliko hukumu yenyewe.

Kisha ikaja vita, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu vita ndiyo iliyobadilisha sauti za watu. Katika kampeni ya Afrika Mashariki mizigo ilibebwa vichwani, na wabebaji walichukuliwa kwa mamia ya maelfu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Vinywa vyetu vikakifanya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, malaria na kuhara. Weston, ambaye angeweza kukaa Mkunazini, penye kanisa lake kuu huko Zanzibar, akiandika barua zake, alikusanya wabebaji wa Zanzibar mwaka 1916 akaenda nao mwenyewe kwa miguu upande wa bara, akiwa na cheo cha meja. Mwaka uliofuata Dakta John Arthur, mkuu wa misheni ya Scotland pale Kikuyu, alifanya vivyo hivyo na vijana waliojitokeza kutoka katika misheni za Kiprotestanti, ili wawe chini ya watu wanaowajua. Hawa walikuwa mahasimu wa 1913. Kila mmoja alikuwa amemwona Mkristo Mwafrika akizikwa kando ya njia bila mtu kuuliza kama alikuwa na kipaimara.

Julai 1918, vita ikiwa bado haijaisha, mkutano wa pili ukaitishwa Kikuyu, na safari hii Weston akaja mwenyewe. Naona jambo hilo halipewi uzito wake katika masimulizi ya upande wa Kenya. Alikuja na mapendekezo yake ya umoja, ambayo kiini chake kilikuwa kwamba uaskofu ubaki, hata kama namna ya kuutekeleza ingebadilishwa sana. Wasio Waanglikana hawakuweza kuukubali mlango huo, naye hakuweza kupita katika mlango wao. Walisikilizana kwa heshima, na shirikisho likafa mezani pale pale.

Badala ya kutawanyika mikono mitupu, misheni nne, yaani CMS, Misheni ya Scotland, Wamethodisti na AIM, zikatia saini mapatano yaliyo mepesi kuliko yale ya 1913. Kila moja ingebaki na watumishi wake, nidhamu yake na namna yake ya kuadhimisha sakramenti. Wangeheshimiana maeneo, wangeshauriana juu ya maandalizi ya wabatizwa, wangealikana kuhubiri, na kazi zile ambazo hakuna misheni iliyoweza kuzibeba peke yake, zikiwamo elimu ya juu na tiba, wangezifanya kwa pamoja. Hicho ndicho kilichoitwa Alliance. Ukiyaweka maneno mawili haya kando kando, "federation" ya 1913 na "alliance" ya 1918, unaona hatua waliyorudi nyuma. Nchi zinazoungana kuwa shirikisho hukabidhi sehemu ya mamlaka yao; nchi zenye "alliance" hukubaliana tu kusaidiana, kila moja ikilala chini ya bendera yake. Walioandika mapatano yale walikuwa wameishi miaka minne katika vita ya nchi zenye "alliance", na walijua neno hilo linaahidi nini na haliahidi nini.

Shule ndiyo ikawa tunda kubwa la chombo hicho. Ilipofunguliwa mwaka 1926 ilikuwa na wavulana wasiofika 30, kwenye ardhi ya misheni ya Scotland, mahali ambapo wenyeji hadi leo hupaita Thogoto. Neno hilo nalo lichunguze: ni "Scot" lililopita katika matamshi ya Kigikuyu. Kwa hiyo mpwa wako atasoma katika eneo lenye jina la taifa moja la wamisionari, ndani ya shule yenye jina la mapatano ya misheni nne, na hakuna kati ya majina hayo mawili lililotoka katika Biblia. George Grieves aliiongoza hadi 1940. Akafuatwa na Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyekuwa amekaa Maseno tangu 1928, naye akabaki hadi 1962. Huyo Carey Francis alikuwa mmisionari wa CMS, Mwanglikana, akiongoza shule iliyo jirani na kanisa la Wapresbiteri, yaani la misheni ya Scotland, akiwafundisha watoto wa Wamethodisti kutoka Meru na wa AIM kutoka Ukambani. Darasani na uwanjani mapatano ya 1918 yalifanya kazi bila kelele. Mahali pagumu palibaki pale pale pa siku zote, mbele ya meza yenye mkate na divai.

Utauliza kwa nini hawakuipa shule jina la mtakatifu, kama mlivyozoea kwenu. Kiungani kilikuwa chuo cha Mtakatifu Andrea, na kilipohamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, katika miaka ya 1920, Andrea alihama nacho. Kwa UMCA jina la mtakatifu ni kama kumwomba mlezi. Lakini misheni nne za Kikuyu hazikuwa na mazoea ya pamoja juu ya watakatifu. Wascotland wangeweza kumvumilia Andrea kwa kuwa ndiye mtakatifu mlezi wa nchi yao. Watu wa Kijabe wangeuliza maswali. Jina la mmisionari mmoja lingeipendelea misheni moja, na jina la mahali peke yake, kama walivyofanya Maseno, lingesema kwamba shule ni ya Wascotland. Kilichobaki ambacho wote wanne walikuwa na haki nacho sawasawa kilikuwa mapatano yenyewe. Hata Wakatoliki, ambao hawakuwamo katika shauri hili, walifanya jambo linalofanana: chuo chao kilichoanzia Kabaa na kukomaa Mang'u kilijulikana kama Holy Ghost College, jina ambalo ni la Roho Mtakatifu na papo hapo ni la shirika la mapadri waliokiendesha. Tofauti ni kwamba jina la Wakatoliki lingeweza kuhubiriwa Jumapili bila maelezo. Jina la Alliance haliwezi. Ukilihubiri bila historia unaishia mahali alipoishia mhubiri wenu.

Jambo moja zaidi juu ya historia ya neno. Chombo kilichoizaa shule hakikudumu kwa jina lake. Mwaka 1924 likaundwa Baraza la Misheni la Kenya, mwaka 1943 likawa Baraza la Kikristo la Kenya, na leo mnalisikia kwenye taarifa ya habari kama NCCK. Kila hatua jina lilibadilika ili lilingane na hali. Shule haikubadilika. Wasichana walipopata shule yao mwaka 1948, ambayo baadaye ikaitwa Alliance Girls, hakuna aliyekuwa tena akiulizia saini za 1918. Jina lilikuwa limekwisha kuwa jina tu, lenye sifa ya mitihani. Ndiyo kawaida ya majina ya shule, kuhifadhi neno ambalo wenye neno wamekwisha kuliacha. Na ule umoja wa 1913? Ulipatikana vipande vipande, na si hapo shuleni. Chuo cha teolojia cha Limuru, kilichoanza kama chuo cha CMS Freretown mwaka 1903, kilifanywa mwaka 1955 kuwa chuo cha pamoja cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Lakini kanisa moja la Waprotestanti wa Kenya halijawahi kuwapo, kwa hiyo anayesema kwamba makanisa yaliungana, ndipo shule ikazaliwa, ameisoma hadithi kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Sasa swali lako la tafsiri, ambalo mimi nalifurahia kuliko mengine. "Muungano" uliache, kwa sababu Mtanzania akisikia neno hilo anaona 1964, nchi mbili zikiwa moja. "Shirikisho" ndilo hasa walilolikosa. "Ushirika" ni zuri masikioni, ila katika kanisa lingekuwa kejeli, maana ushirika mtakatifu ndio ambao hawakuweza kuupokea kwa pamoja. "Mapatano" lingefaa kama unaeleza mkataba, lakini halina ule ukaribu wa watu wanaoendelea kutembea pamoja baada ya kutia saini.

Neno ninalokupa ni "ufungamano". Kiswahili cha siasa kimekwisha kulipima: nchi zisizotaka kuwa upande wa Marekani wala wa Urusi tuliziita nchi zisizofungamana na upande wowote. Hakuna aliyedhani kwamba kufungamana na Marekani ni kuwa jimbo la Marekani. Vitu vilivyofungamana vimeshikana kwa fundo, kila kimoja kikiwa bado ni chenyewe, kama kuni za mzigo mmoja. Tena Nairobi kuna jengo liitwalo Ufungamano House, lenye mkono wa NCCK na wa maaskofu wa Kikatoliki, na lilipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa dini mbalimbali walipokutana humo kudai katiba mpya. Waliolichagua neno hilo kwa jengo la Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamefikia, kwa Kiswahili, wazo lile lile la 1918. Kwa hiyo siku ya ibada unaweza kusema, "Shule ya Ufungamano", kisha ukaeleza kwa sentensi mbili ni ufungamano wa nani na kwa nini haukuwa muungano. Wito wa shule, "Strong to Serve", ambao waweza kuutafsiri "Wenye nguvu ili watumike", uuweke baada ya hapo, maana unaeleza jambo ambalo misheni zile ziligundua kuwa zinaweza kulifanya pamoja bila kungoja kumaliza ugomvi wa altareni. Shemeji yako usimwaibishe mbele ya watu; mwambie kando kwamba agano lake ni la Kifaransa.

Nimeahidi kurudi kwa mzee wenu. Askofu Weston aliupinga mpango wa 1913, na kwa sauti kubwa. Mwaka 1918 alikuja akiwa na mpango wake, na ukakataliwa. UMCA haikutia saini Alliance, kwa hiyo shule ya Kikuyu haikuwa ya kwenu kwa namna yoyote. Lakini mzee asiseme kwamba askofu aliipinga shule. Weston alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, Magila, hatua chache kutoka hapo mlipo, zaidi ya mwaka mmoja kabla wavulana wale wa kwanza hawajaingia darasani.